Ubao wa sumaku wa kocha: msimu mzima na mwalimu mpya, mfumo mpya, wachezaji walewale

Kitu chenyewe ni ubao wa mbinu wa kukunja, jalada jeusi linalojifanya ngozi, zipu imezunguka pande tatu. Ukiufungua unakutana na uwanja mzima wa kijani uliochapwa kurasa zote mbili. Upande wa ndani wa jalada kuna daftari dogo, mahali pa kuchomeka kalamu, maka ya kufutika na kimfuko cha plastiki chenye sumaku: nyekundu kumi na moja, bluu kumi na moja, zote zina namba, na tatu za njano ambazo muuzaji alisema ni mipira. Jina la kampuni halipo popote. Nililipa shilingi 45,000 Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya michezo lililobanwa katikati ya wauza raba.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya mtaani huku Temeke. Mchana nauza vipuri vya bodaboda, jioni niko uwanjani. Malipo ya ukocha ni nauli, tena siku mwenyekiti akiwa na furaha. Kwa hiyo elfu arobaini na tano kwangu si hela ya kuchezea, na ndiyo maana naandika kwa kirefu. Wengi wanaouza vitu hivi mtandaoni wanakupigia picha ya zipu tu, hawakwambii kama kinasaidia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kocha wetu wa zamani alicheza 4-4-2 ya kizamani, yaani mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili: kipa anabutua, mshambuliaji wetu mrefu anapiga kichwa, winga anaokota mpira wa pili. Haikuwa nzuri machoni lakini ilitupa pointi. Kisha yule mrefu akachukuliwa na timu ya daraja la juu mikoani, kocha naye akapata kazi kwingine, na sisi tukaletewa mwalimu kijana mwenye leseni mpya na kichwa kimejaa mpira wa kushambulia. Anataka tuanzie mpira nyuma. Anataka mabeki wote wa pembeni wapande. Winga waingie ndani, namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, ashuke kuchukua mpira, namba nane, kiungo, apite nyuma yake aingie eneo la 18, lile boksi la mbele ya goli. Tukipoteza mpira tukabie juu palepale. Maneno matamu kabisa. Fedha ya usajili ilikuwa sifuri. Hata jezi ni zile za msimu juzi.

Kabla ya ubao tulikuwa tunapanga kwa vizibo vya soda chini kwenye mchanga. Vya Fanta sisi, vya Coca-Cola wapinzani. Nisivitukane vizibo, vimefundisha watu wengi mpira nchi hii. Tatizo lake ni kwamba mwalimu alikuwa anachora 4-2-3-1 safi chini pale, vijana wanaitikia "sawa mwalimu", wanaingia uwanjani, na baada ya dakika kumi kila mtu amerudi alikozoea. Kizibo cha Fanta hakina jina, hakina mguu wa kushoto, hakichoki. Ukikisogeza mbele kinakwenda.

Sasa sumaku za huu ubao nazo ni hivyohivyo. Hapo ndipo nilipoanza kuona hela yangu inaungua. Siku ya kwanza mwalimu alizipanga nyekundu zote kwenye mfumo wake, akakunja mikono, akaniambia, "Msaidizi, ona ulivyo mzuri." Ulikuwa mzuri kweli. Namba tatu, beki wa kushoto, yuko juu kule karibu na kibendera cha kona. Nikamwambia, "Mwalimu, huyo namba tatu wetu hapandi."

"Atapanda."

"Mwalimu, huyo ana miaka thelathini na kitu, anapakua mizigo sokoni tangu alfajiri. Akipanda hashuki."

Kilichouokoa ubao ni karatasi ya gundi ile ya mafundi rangi. Mwalimu alikuja chumbani kwangu jioni, tukakata vipande vidogo, tukabandika juu ya kila sumaku, tukaandika kwa kalamu ya wino: jina la utani, mguu anaotumia, na jambo moja analoliweza kuliko wenzake. Si sifa zote, jambo moja. "K, pasi ndefu." "L, anakimbia nyuma ya beki." "K, anapokea akiwa amebanwa." K ni mguu wa kushoto, L ni wa kulia. Halafu sumaku zote tukazitoa uwanjani, tukazirudisha moja moja, tunaanza na mtu badala ya kuanza na mfumo. Huyu akiwa hapa jambo lake linatumika? Kama halitumiki, tunamsogeza.

Hapo ndipo ubao ulipoanza kurudisha hela. Kwa vizibo huwezi kuandika, kwa daftari huwezi kusogeza. Ubao unakupa vyote viwili, na unaufunga zipu unaondoka nao kama ulivyo, kesho unafungua mmeishia palepale. Mradi usiubebe kwenye bodaboda kupitia barabara yetu, nitalirudia hilo.

Niseme kwa mfano mkubwa kidogo, maana sisi wa mchangani tunapenda kudhani matatizo haya ni yetu peke yetu. Mimi ni Simba, mnaonijua mnajua, kwa hiyo mnaweza kupima maumivu ya aya hii. Katikati ya 2023 Yanga waliondokewa na Nasreddine Nabi, kocha aliyewapeleka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Akaja Miguel Gamondi kutoka Argentina. Wakati huohuo Fiston Mayele, aliyefunga mabao 17 ya ligi msimu ule, akauzwa Pyramids ya Misri. Feisal Salum naye akaenda Azam. Huku Msimbazi tulikaa tunachekelea: hawana mfungaji.

Gamondi hakupata Mayele wa pili. Aliletwa Hafiz Konkoni kutoka Ghana, na dirisha dogo la Januari akaondoka, akaja Joseph Guede. Katikati ya hayo Kennedy Musonda na Clement Mzize wakapokezana pale mbele. Lakini mabao hayakuwa yanawasubiri hao tena. Yalihama yakarudi nyuma yao kwa mita kumi na tano. Aziz Ki alikuwepo tangu 2022. Wakaongezwa Pacome Zouzoua kutoka ASEC Mimosas ya Ivory Coast na Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union ya Kongo. Watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliye namba tisa, wote wanajua kupokea mpira katikati ya mistari, kati ya viungo na mabeki wa wapinzani, na wote wanafunga. Nyuma yao Khalid Aucho anakaa kulinda, Mudathir Yahya anakimbia kuchelewa aingie 18, akishafunga anashika sikio anapiga ile simu yake ya kushangilia. Kulia Yao Kouassi anapanda mpaka mwisho. Na nyuma kabisa Djigui Diarra, kipa mwenye miguu ya kiungo.

Tarehe 5 Novemba 2023, kwa Mkapa, Simba 1, Yanga 5. Musonda alifunga la kwanza. Manne yaliyobaki: Maxi mawili, Aziz Ki, Pacome. Nendeni mkayatazame tena kama mna moyo. Mwisho wa msimu Aziz Ki ndiye mfungaji bora wa ligi, mabao 21, na Feisal wa Azam akamfuata na 19. Yaani klabu ilipoteza mshambuliaji wa mabao 17 na kiungo wake akafunga 21, kwa sababu kocha alihamisha kazi ya kufunga akaipeleka kwa watu aliokuwa nao.

Tukaipanga Yanga ile kwenye ubao, za bluu, kwa makusudi (nyekundu siwapi). Mwalimu akakaa kimya akiitazama, halafu akachukua sumaku yetu namba tisa, ya kijana tuliyemsogeza kutoka winga kwa kukosa mtu, akaitoa nje kabisa. Akamsogeza mbele namba kumi wetu, kiungo mshambuliaji. Huyu kumi ni mtu mzima kidogo, kasi hana, lakini ukimbana mgongoni unashangaa mpira umeenda wapi. Kwenye karatasi yake tuliandika "anapokea akiwa amebanwa". Sasa namba tisa anayetakiwa kushuka kuchukua mpira anahitaji nini zaidi ya hapo? Yule kijana mwenye kasi akarudi winga ya kushoto, kazi yake ikawa moja, akimwona kumi ameshuka na beki wa kati amemfuata, akimbilie lile tundu. Lilikuwa jibu lililokuwa mbele ya macho yetu siku zote, lakini kwenye mchanga hatukuliona kwa sababu kizibo cha mbele kilikuwa kinaitwa "tisa" na tulikuwa tunatafuta mtu wa kulijaza hilo jina.

Upande wa pili wa mfano, kwa ufupi maana mashabiki wa Manchester United wameshachoka kusimangwa: Ruben Amorim alifika Novemba 2024 na mfumo wake wa mabeki watatu, 3-4-3, akaukuta kikosi kilichonunuliwa kwa ajili ya mabeki wanne na mawinga wa asili. Mawinga wakakosa pa kusimama. Amad akageuzwa beki wa pembeni wa kulia anayepanda, Rashford akaenda Aston Villa kwa mkopo, Garnacho baadaye akauzwa Chelsea, na Patrick Dorgu akanunuliwa kutoka Lecce kwa sababu pembeni kushoto hapakuwa na mtu wa kazi hiyo. Walimaliza msimu wa 2024/25 nafasi ya 15 na pointi 42. Wale wana hela ya kununua mpaka mfumo uenee. Sisi tuna karatasi ya gundi.

Turudi kwa namba tatu, mpakuzi wetu wa mizigo. Huyu ndiye aliyenifanya niupende ubao. Mwalimu hakutaka kuacha wazo la mabeki kupanda, na sikumlaumu, ndilo roho ya mfumo wake. Tukafanya hivi: namba mbili, beki wa kulia, anapanda mpaka juu, anakuwa kama winga wa kulia. Namba tatu habanduki. Anajisogeza ndani kidogo, anaungana na mabeki wa kati, nyuma kunakuwa na watatu. Winga wa kulia anaingia ndani kama mwalimu anavyotaka, maana beki yuko nje yake. Winga wa kushoto ndiye anayebaki amekanyaga chaki ya pembeni mwa uwanja, kwa sababu hakuna beki wa kumpa upana. Ukiutazama ubao ni kama umepinda, kulia kumejaa, kushoto kuko wazi. Lakini pasi ndefu ya mguu wa kushoto, lile jambo moja la namba tatu, sasa inatumika kila dakika: tunawavuta kulia, mpira unarudi kwake, anaupiga kule kwa kijana wa kasi aliyesimama peke yake. Mzee wa watu alipoelezwa kwenye ubao alicheka, akasema, "Kumbe nilikuwa nalipwa kusimama." Halipwi, lakini nilimwelewa.

Lipo jambo jingine ambalo mnunuzi anatakiwa alijue, na hakuna muuzaji atakayekwambia. Uwanja uliochapwa kwenye ubao huu si sawa na uwanja. Nilichukua rula. Urefu ni sentimita 40, upana sentimita 22. Sasa uwanja wa kawaida wa mashindano makubwa ni mita 105 kwa 68. Kama urefu ni sentimita 40, upana ungetakiwa uwe karibu sentimita 26. Yaani kwenye ubao wangu kama mita kumi za upana zimeliwa ili jalada likunjike vizuri. Unaweza kusema ni kitu kidogo. Si kidogo kwa mfumo kama wetu. Ile pasi ya namba tatu kwenda winga inaonekana fupi kwenye ubao, na namba sita, kiungo mkabaji, anaonekana anaweza kufunika pande zote mbili kwa hatua chache. Ugenini kwenye uwanja mpana namba sita wetu alikuwa anahema kufikia dakika ya sitini. Kwetu, ambako kiwanja chenyewe ni chembamba na upande mmoja kuna ukuta wa shule, ubao hausemi uongo sana.

Dawa yake: nimechora kwa wino wa kudumu mistari miwili ya wima, uwanja ukagawanyika njia tatu, na tunahesabu umbali kwa njia badala ya kwa jicho. Namba sita hafuniki njia tatu, anafunika moja na nusu. Anayetaka ubao usiohitaji ufundi huo aende dukani na rula, apime mwenyewe. Wauzaji watamshangaa kidogo, na si kitu.

Kuhusu kipa nitapita haraka. Tangu 2019 sheria inaruhusu goli kiki ipokelewe ndani ya 18, na mwalimu alitaka mabeki wa kati wasimame pembeni ya kipa kama wanavyofanya wakubwa. Kipa wetu kwa mikono ni hodari. Kwa miguu, tuseme hapana. Tukakubaliana beki wa kati wa kulia, ambaye miguu yake inaaminika, ndiye apige goli kiki, kipa asimame kando kama mtu wa kurudishiwa wakati wa shida tu. Mfumo ukabaki ule ule, pasi ya kwanza ikabadilisha mwenye nayo. Kwenye ubao ilituchukua muda mfupi kuliko chai kupoa.

Sasa lawama.

Sumaku ni dhaifu. Ubao ukilala mezani hakuna shida. Ukiusimamisha ili wachezaji kumi na nane waliochuchumaa waone, ukautikisa kidogo, namba nne anateleza mpaka golini. Bodaboda ndiyo mbaya zaidi: nimefika uwanjani nimefungua zipu nikakuta timu yote imekusanyika kona moja kama inagombea posho. Kisha vile vipande vya karatasi ya gundi vinaongeza uzito, kwa hiyo ukiweka maandishi marefu unajitafutia matatizo. Weka kipande chembamba, herufi mbili tatu.

Sumaku ni kumi na moja kila upande, hakuna za akiba. Wa benchi utawaandika wapi? Kikosi ni watu ishirini na kitu, na kupanga kikosi kwenye mfumo mpya ni pamoja na kujua nani anaingia namba mbili akiumia, maana kwetu yule anayepanda kulia akikosekana kila kitu kinabadilika. Nilikwenda kuomba sumaku za ziada pale nilipouziwa, nikaambiwa ninunue ubao mwingine. Nikamjibu kwa heshima kwamba nitafikiria. Suluhisho langu ni vipande vya sumaku ya milango ya friji mbovu, fundi wa jirani alinipa bure, nimevikata kwa mkasi. Vinashika vizuri kuliko vilivyokuja na ubao.

Maka iliyokuja nayo ilikauka mapema, na rangi yake ukiiacha juani haifutiki kwa kitambaa kikavu. Mishale ya mechi moja inabaki inaonekana kwa mbali mechi inayofuata, mpaka mchezaji mmoja alikimbia kwa mshale wa wiki iliyopita. Spiriti kidogo kwenye pamba inatoa kila kitu, ila usiguse mistari ya uwanja kwa nguvu, rangi ya kijani nayo inaanza kutoka. Jua la saa nane linaufanya ung'ae mno, ukae kivulini au uwageuze vijana wasitazamane na jua. Mvua sijaujaribu na sitaujaribu.

La mwisho kwenye lawama ni la watumiaji kuliko la ubao. Mapumziko ni dakika kumi na tano, na kwa mchangani zinapungua kwa sababu refa ana mechi nyingine. Mwanzoni mwalimu alikuwa anazitumia kupanga sumaku, anasogeza hii, anarudisha ile, vijana wanakunywa maji wanatazama pembeni. Nikaanza kupanga mimi kuanzia dakika ya arobaini, nikiwa benchi: wapinzani walivyosimama kweli, siyo walivyoandikwa kwenye fomu. Akifika pale anasogeza sumaku mbili tu. Anamwita mhusika kwa jina, anampa sumaku yake mkononi, anamwambia aiweke mwenyewe anapodhani anatakiwa kuwa. Akiiweka pabaya, hapo ndipo unapojua kwamba wiki nzima alikuwa anaitikia "sawa mwalimu" bila kuelewa. Winga wetu wa kulia aliiweka sumaku yake juu ya chaki, nje, palepale namba mbili anapotakiwa kupita. Wote wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, akaisogeza ndani. Kipindi cha pili aliingia ndani. Hakufunga, sitaki kuwadanganya, lakini njia ya namba mbili ilifunguka na bao la kusawazisha lilitoka kwenye majalo ya upande ule.

Kuna mbadala. Programu za simu zipo, nyingine za bure, na zinachora mishale inayotembea. Nilizijaribu. Simu ni ndogo, wanaoona ni watatu wa mbele, na ikiita katikati ya maelezo umeshawapoteza. Kwa mimi na mwalimu kutumiana mawazo usiku zinafaa sana. Kwa vijana, hapana, wanataka kushika. Ubao mkubwa wa kusimama wa miguu mitatu ni mzuri kwa timu yenye chumba cha kubadilishia nguo. Sisi chumba chetu ni mwembe. Na vizibo bado ninavyo kwenye mfuko wa begi, siku ubao ukisahaulika nyumbani tunarudi mchangani bila aibu.

Kwa hiyo nani anunue? Kama timu yako ina kocha yuleyule, wachezaji walewale, na mnajuana mpaka kwa miluzi, usipoteze hela, nunua mipira. Kama umeletewa mwalimu mpya mwenye mfumo wake na huna hela ya kumletea watu wake, nunua, lakini nunua siku hiyohiyo na karatasi ya gundi na kalamu ya wino, na mkae wawili usiku mmoja kabla hamjauonyesha kwa mchezaji yeyote. Ubao peke yake nampa tatu kwa tano. Na karatasi juu yake, nne. Ile ya tano imebaki kwenye zile sentimita nne za upana.

Bei ataanzia elfu sitini na tano, atakwambia mzigo ni mpya umetoka bandarini jana. Fungua zipu, simamisha ubao wima mbele yake, utikise. Sumaku zikianza kuanguka mezani kwake mwenyewe atashuka. Mimi alinishushia mpaka 45,000, na mteja aliyenifuata, nilimsikia nikiwa mlangoni, alianza moja kwa moja na arobaini.